Ngoma ya Vugha, Bunduki za Mazinde

Masimulizi ya ufalme wa Wakilindi huanzia milima ya Ngulu, upande uliokuwa Handeni kabla wilaya ya Kilindi haijamegwa mwaka 2002. Mbegha, msasi wa nguruwe mwitu, aliota meno ya juu kwanza. Kwa kuwa ni kigego, ndugu zake wakamnyima urithi. Akahama, akapita Kilindi, akapanda Usambara, akagawia watu nyama na kuua simba, nao wakamtawaza. Ndivyo asimuliavyo Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotolewa upya mwaka 1962.

Kila mfalme mpya aliirudia safari hiyo kwa vitendo. Aliingizwa Vugha, mji mkuu, usiku, na kulipokucha ngoma kuu, Nenkondo, ikatangaza kwamba Simba Mwene amepatikana. Hapo wakuu wa raia walimpa masharti mbele ya watu: alete mvua na shibe, la sivyo ataondolewa. Kodi ya mifugo na kazi ililipwa kwa sharti hilo. Mfalme mwenye nguvu aliiponya nchi, kuzifya shi; wakuu waliogombana waliidhuru, kubana shi.

Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifariki karibu mwaka 1862, na masharti hayo yakajaribiwa. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, katika Korogwe ya leo, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Huko bunduki zilipatikana kwa biashara, bila kungoja baraka za mlimani. Akamng'oa mfalme Shekulwavu, lakini kiti cha Vugha hakukikalia yeye. Alimpa mwanawe, Kimweri Maguvu. Nguvu ilikuwa bondeni, heshima ya tambiko ikabaki juu.

Wabondei, waliotawaliwa na Wakilindi, hawakuridhika na heshima hiyo tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1860 waliwafukuza Wakilindi katika uasi wa raia unaoitwa kiva.

Kisha ukaja ukoloni. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga mfalme Mputa. Waingereza, walipoanzisha utawala kupitia machifu katika miaka ya 1920, walimrudisha Kinyashi, mtu aliyeogopwa kwa mvua yake. Walihitaji mkusanya kodi. Wananchi walihitaji mleta mvua. Chifu mmoja hakuweza kuwaridhisha wote.

Miaka ya 1950 serikali iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi iliyowaelemea hasa wanawake. Machifu walisimamia amri hiyo, chama cha TANU kikasimama na waliokataa. Uhuru ulipokuja, uchifu ukafutwa.

Hoja ya mvua haikufutwa nao. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara miaka ya 1960 na kurudi baadaye, alikuta wakulima ambao bado walibishana kama ukame unatokana na kukosekana kwa watawala wenye mvua. Serikali mpya nayo ilipimwa kwa kipimo cha Vugha: je, watu wameshiba?