Usiku wa Wafu Walio Hai wa Mwaka 1990

Filamu ya Night of the Living Dead ya mwaka 1990 ilitokana na kosa la kiofisi la miaka 22 nyuma yake. Mwaka 1968 George A. Romero na wenzake wa mjini Pittsburgh, jimboni Pennsylvania, walitengeneza filamu ya kwanza yenye jina hilo, ya picha nyeusi na nyeupe, kwa dola zipatazo 114,000. Walipoikabidhi kwa msambazaji ilikuwa na jina jingine. Msambazaji aliweka jina jipya, na tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani likaachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi iliyotolewa bila tangazo hilo ilipoteza ulinzi. Filamu ikawa mali ya umma: yeyote mwenye nakala aliweza kuionyesha, na baadaye kuiuza kwenye kanda za video, bila kuwalipa walioitolea jasho. Kuitengeneza upya kulikuwa njia ya wenyewe kupata angalau sehemu ya haki yao.

Ndiyo maana toleo la pili halikuwa kazi ya wageni. Romero aliandika mswada. John Russo, aliyeandika naye ule wa kwanza, na Russ Streiner, aliyeigiza kaka wa Barbara, mhusika mkuu wa kike, mwaka 1968, walikuwa watayarishaji. Fedha, zaidi kidogo ya dola milioni 4, zilitoka kwenye kampuni ya Menahem Golan, na picha zikapigwa tena Pennsylvania ya magharibi. Kiti cha mwongozaji alipewa Tom Savini, mwenyeji wa Pittsburgh, ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu ndefu. Savini alitarajiwa kufanya kazi kwenye filamu ya kwanza, lakini jeshi likamchukua, akaenda Vietnam kuwa mpiga picha wa vita. Aliporudi akawa fundi mashuhuri wa majeraha bandia, hasa katika Dawn of the Dead ya 1978 na Friday the 13th ya 1980.

Watazamaji walitegemea damu nyingi kutoka kwake. Waliyoipata ilikuwa kidogo, kwa sehemu kwa sababu bodi ya madaraja ya filamu ilidai vipande vikatwe. Lakini wafu wenyewe wametengenezwa kwa uangalifu wa hali ya juu. John Vulich na Everett Burrell waliwafanya wafanane na maiti halisi: waliokonda, waliopauka, macho yamedidimia. Mmoja makaburini amevaa suti ya maziko, na inapomvuka kifuani huonekana mshono mrefu wa uchunguzi wa maiti. Hakuna jitu la kutisha linaloweza kumgusa mtazamaji kama mtu huyu aliyekwisha kuagwa na ndugu zake.

Tukio hilo la makaburini linaonyesha akili ya filamu nzima. Barbara na kaka yake Johnnie wamekuja kwenye kaburi la mama yao. Mzee anawajia akiyumbayumba, na anayeikumbuka filamu ya 1968 ana hakika kwamba huyo ndiye mfu wa kwanza. Mzee ni mzima. Anaomba radhi, anapita zake. Mshambuliaji anatokea upande mwingine, na Johnnie anakufa kichwa kikigonga jiwe la kaburi.

Mabadiliko makubwa ni Barbara mwenyewe. Mwaka 1968 Judith O'Dea aliigiza mwanamke aliyepigwa na bumbuwazi, akakaa kitini karibu muda wote. Patricia Tallman naye analia mwanzoni, kisha anavaa suruali na kushika bunduki. Wenzake ndani ya nyumba alimokimbilia wanapobisha kwamba wafu si wafu, anampiga mfu mmoja risasi za kifua, moja baada ya nyingine, huku akiwauliza kama bado wana shaka. Ni yeye anayegundua kwamba viumbe hawa ni wazito wa mwendo na mtu makini anaweza kuwapita kwa miguu. Hasikilizwi. Ben, anayeigizwa na Tony Todd, na Harry Cooper, yaani Tom Towles, wanagombea nani mwenye amri ndani ya nyumba, mmoja akitaka kubaki juu, mwingine akitaka chumba cha chini. Barbara anaondoka peke yake na kuwapita wafu kweli.

Hapa filamu inapata na kupoteza. Mwaka 1968 Ben, mtu mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, alinusurika usiku kucha, kisha asubuhi akauawa na kundi la raia wenye bunduki waliomdhania mfu. Mwaka 1990 anapopigwa risasi amekwisha kugeuka mfu, na uchungu ule wa awali umepungua mno. Badala yake hatia imehamia kwa Barbara. Anarudi na wawindaji wa wafu, waliowatundika wafu mtini na kuwalenga kama mchezo. Cooper anashuka kutoka darini alikojificha, akiwa hai, na Barbara anamfyatulia risasi ya kichwa, kisha anawaambia wanaume waongeze mwili huo motoni.

Wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi, na mapato ya Marekani yalizidi gharama kwa kiasi kidogo tu. Heshima ilikuja polepole kupitia kanda na diski. Mwaka 2004 Dawn of the Dead ya Zack Snyder iliwafanya wafu wakimbie, na huko ugunduzi wa Barbara kwamba wanaweza kupitwa kwa mwendo wa kawaida usingemfaa mtu.