Wahadhiri wakigoma, mwanafunzi ajikinge vipi?

Nimekuwa kimya kidogo, vibarua vya hapa na pale vimenibana, lakini leo nimerudi na mada ambayo nimeulizwa mara nyingi mno. Niseme mapema kwamba mimi sijasoma chuo kikuu, nilikomea kidato cha nne. Ila nashinda saiba moja karibu na chuo cha umma huku Pwani, nawachapia watu barua na kuwasaidia kujaza fomu za HELB, na kila mgomo ukianza wanafunzi huja hapa kabla hawajaenda kwingine. Halafu dadangu naye ni mwanafunzi. Kwa hivyo mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyasoma kwenye sheria zenyewe. Kama unasoma huku dakika zako zinahesabiwa, uchape ukurasa huu ukasome nyumbani.

Tuanze na hali yenyewe. Hapa Kenya mgomo wa wahadhiri si ajali, ni kama mvua ya msimu. Mwaka 2017 peke yake walitoka mara tatu. Mgomo wa kwanza ulianza tarehe 19 Januari ukaisha Machi baada ya siku 54, serikali ikiahidi shilingi bilioni 10. Pesa hazikufika zote, Julai wakatoka tena, Novemba wakatoka tena. Mwaka 2018 ukaanza mwingine tarehe 1 Machi ukafika hadi Mei. Mwaka 2024 walitoka Septemba, wakarudi, wakatoka tena mwishoni mwa Oktoba. Halafu 2025 ukaja ule wa siku 49, kuanzia 17 Septemba hadi 5 Novemba, chama cha wahadhiri UASU pamoja na kile cha wafanyakazi wengine wa vyuo, KUSU. Madai makubwa yalikuwa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021, na mwishowe ikakubaliwa zilipwe kwa mafungu mawili.

Hebu tazama hiyo miaka. Mkataba wa 2017 mpaka 2021, mgomo 2025. Aliyekuwa darasani wakati deni linaanza ashamaliza, pengine ana mtoto. Anayekatiziwa masomo ni yule aliyekuwa bado shule ya msingi wakati huo!

Swali la kwanza ninaloulizwa: je, mgomo ni halali? Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu. Zote mbili zimo kwenye kitabu kimoja na hakuna iliyofuta mwenzake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka chama kitoe ilani ya maandishi ya siku saba kabla ya kugoma, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kuusimamisha mgomo. Lakini hapo wanaoshindana ni mwajiri na mwajiriwa. Mambo yakiisha, wanaotia sahihi makubaliano ya kurudi kazini ni vyama, serikali, na lile jukwaa la mabaraza ya vyuo vya umma linaloitwa IPUCCF. Mwanafunzi hatii sahihi popote.

Ndiyo maana mimi huwaambia wanaokuja hapa wasipoteze nguvu nyingi kubishana nani ana makosa, mhadhiri au serikali. Una maoni yako, sawa, yaseme. Lakini kinachomuumiza mwanafunzi zaidi si zile siku za mgomo. Ni wiki zinazofuata mgomo ukisha, wakati muhula mzima unabanwa uingie mahali padogo na kila mtu anafurahia kwamba masomo yamerejea. Hapo ndipo pa kujikinga, na silaha yako ni karatasi. Kama huna, utasikilizwa kwa huruma tu.

Nitawapa kisa cha dadangu, amenikubalia. Alikuwa mwaka wa nne mgomo wa 2025 ulipoanza. Wiki moja kabla wahadhiri hawajatoka alifanya CAT ya somo moja, karatasi hazikurudishwa. Akaja nyumbani. Siku 49 baadaye wakaitwa, ratiba mpya ikabandikwa, mihadhara mpaka Jumamosi jioni, CAT mbili siku moja, mtihani unakaribia. Alijikokota akamaliza. Matokeo yalipotoka, somo lile halina maksi za CAT. Aliyelifundisha alikuwa mhadhiri wa kandarasi na hakurudi tena baada ya mgomo. Akaenda idarani, akaulizwa, “Una ushahidi gani kwamba ulifanya?” Hakuwa nao. Nitarudi kwa hili.

Basi siku saba za ilani ndizo za kazi. Usizimalize kwa kupanga safari ya nyumbani tu. Pitia kila somo, muombe mhadhiri karatasi yako ya CAT au angalau uone maksi zako, upige picha. Karatasi ya mahudhurio ikizunguka darasani, ipige picha ukisha kutia sahihi. Muhtasari wa kozi, ule unaoonyesha mada zote za muhula, uweke alama mlipofikia, na mwakilishi wa darasa aandike tarehe. Risiti za ada, fomu ya kusajili masomo, vyote vipige picha ujitumie kwa barua pepe. Simu huibiwa jamani, barua pepe utaifungua saiba yoyote.

Kuhusu pesa. Pesa za matumizi za HELB huhesabiwa kwa muhula, si kwa mwezi. Muhula ukirefuka kwa siku 49, pesa ni zile zile, na mkopo ni deni lako lile lile, uwe ulifundishwa au ulikaa. Kinachozimaliza haraka ni kodi ya nyumba. Dadangu alikuwa analipa 4,500 kwa mwezi kwa chumba ambacho alikuwa halali ndani. Wanafunzi wengi huondoka kimyakimya wakitumaini mwenye nyumba atasahau. Hasahau! Nenda umwone mapema, umwambie, “Mzee, chuo kimefungwa kwa mgomo, naomba nilipe nusu mpaka tuitwe, vitu vyangu vibaki ndani.” Barua kama hizo nimechapa nyingi, iwe na tarehe na sahihi zenu wawili. Wengine hukataa, ni haki yao. Wengine hukubali, manake wanajua wakati wa mgomo hawatapata mpangaji mwingine. Kama unakaa hosteli ya chuo, uliza kwa maandishi kama ulicholipia kinafika hadi tarehe mpya ya kufunga muhula. Na kama ulikuwa na atachimenti mahali, waandikie barua mapema waijue tarehe mpya, usingoje wakutafute.

Mtu atasema mwanafunzi kufidiwa ni ndoto. Si ndoto kila mahali. Kule Kanada, jimbo la Ontario, wahadhiri wa vyuo 24 vya umma waligoma wiki tano mwaka 2017, kuanzia 16 Oktoba. Serikali ya jimbo ikaviagiza vyuo vile vianzishe mfuko wa wanafunzi, ukitolewa kwenye pesa zilizobaki kwa sababu ya mgomo. Mwanafunzi aliyepata hasara, mfano kodi ya ziada au tiketi ya safari iliyoharibika, aliweza kupata hadi dola 500 za huko. Na aliyeona muhula hauokoleki aliruhusiwa kujiondoa akarudishiwa ada, zaidi ya elfu ishirini na tano wakafanya hivyo. Hapa kwetu wahadhiri mara nyingi hudai walipwe hata zile siku za mgomo, kwa hivyo hesabu si ile ile, najua. Lakini hilo swali la “mwanafunzi aliyelipa ada amepata nini” bado linaulizika, na viongozi wetu wa wanafunzi wangefaa kuliuliza kwa barua badala ya kupiga picha na wanasiasa.

Haya, sasa kurudi. Siku wahadhiri wakitia sahihi, Seneti ya chuo hukaa kupanga ratiba mpya. Vyuo vingi vya umma vina wawakilishi wa wanafunzi kwenye Seneti. Hicho kikao ndicho muhimu kuliko maandamano yote, na wengi hawajui kama kipo. Mfuate mwakilishi wako kabla ya kikao, mpe mambo machache yaliyoandikwa. Mtihani usihusu mada ambazo hazikufundishwa. Kuwe na siku kadhaa za kujisomea kabla ya mtihani wa kwanza. Tarehe ya mwisho ya kulipa ada isogezwe, manake mzazi wa mwanafunzi hakujua muhula utaishia mwezi upi. CAT zilizofanywa kabla ya mgomo zihesabiwe. Mambo manne tu. Ukipeleka ishirini hayatasomwa.

Mkikataliwa, msinyamaze. Kifungu cha 47 cha katiba kinataka uamuzi wa ofisi ya umma uwe wa haki na wa haraka, na uamuzi ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Chuo cha umma ni ofisi ya umma. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman. Haitozi kitu. Bunge pia hupokea maombi ya wananchi kupitia kifungu cha 119, ingawa hapo uwe na subira.

Maandamano? Kifungu cha 37 kinayaruhusu, kwa amani na bila silaha, na polisi wapewe ilani siku tatu hadi kumi na nne kabla. Sipingi. Lakini nimeona kijana akisimamishwa chuo kwa jiwe ambalo hata hakulirusha, alikuwa tu karibu na lango. Mkienda, tembeeni na viongozi wenu, barua ya ilani iwe mkononi, na ukiona mawe yameanza, we ondoka.

Turudi kwa dadangu. Alizunguka idarani zaidi ya mwezi, na majina ya mahafali yalikuwa yanakaribia kufungwa. Nyumbani mama ashanunua kitenge. Siku moja kijana wa darasa lao akaja hapa saiba kuchapa picha zake, yeye alikuwa amepiga picha ile karatasi waliyotia sahihi siku ya CAT, na maksi zake zilipatikana ndani ya wiki moja. Nikamwambia hebu ikuze hiyo. Mstari wa kumi na nne, jina la dadangu na sahihi yake. Tukaichapa nakala mbili, tukaambatanisha na barua, akaipeleka na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Maksi ziliingia siku ya tisa, siku mbili kabla orodha haijafungwa.

Wa vyuo vingine, tupeni hapo chini ya kwenu. Hasa nataka kujua kama kuna chuo ambacho kodi ya hosteli haikuongezwa baada ya mgomo wa 2025.