Mrejesho

Siku hizi semina haiishi bila kuombwa mrejesho, na kinachotolewa ni maoni: chakula kizuri, muda haukutosha. Fomu zinakusanywa, basi. Mafundi wa roboti wanalidai neno hili mengi zaidi ya hayo, na wana haki.

Tazama mkono wa roboti ukishika yai. Vidole vinaendeshwa na mota ya sevo, na ndani ya vidole hivyo kuna kihisi cha nguvu: uzi mwembamba wa metali uliobandikwa ambao, ukivutika hata kidogo tu, ukinzani wake wa umeme hubadilika. Kipimo kinarudi kwenye kidhibiti, kinalinganishwa na nguvu iliyokusudiwa, na papo hapo umeme wa mota unaongezwa au kupunguzwa. Umeme ukipungua, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, nayo inapungua. Kisha kipimo kingine, na kingine, na yai linabaki zima.

Katika miaka ya 1950, Raymond Goertz wa maabara ya Argonne, karibu na Chicago, aliufikisha mrejesho huo hadi kwa binadamu: aliyeshika mpini upande huu wa ukuta wa kinga alihisi mkononi ukinzani wa kitu chenye mnururisho kilichoshikwa na mkono wa mashine upande wa pili.

Rejea, rejesha, mrejesho. Kitu kinarudishwa kule amri ilikotoka, na amri inabadilika. Kwangu, kisichobadilisha amri ni taarifa tu. Wingi wa mrejesho ni mirejesho. Marejesho ni ya mkopo.