Jinsi polisi wa trafiki hukabili mvua ya mawe na ukungu Kericho

KERICHO haijui theluji, lakini barafu inaijua vyema. Kwa wastani, eneo hilo la majanichai hupata mvua ya mawe kama siku 50 kila mwaka, na kuna mwaka ambapo siku hizo zilifika 132, idadi inayotajwa kuwa rekodi ya dunia. Mawe hayo yanapoanguka kwa wingi, mashamba hugeuka meupe na lami hufunikwa na tabaka linaloteleza. Kwa mkulima, hiyo ni hasara ya mavuno ya wiki kadhaa. Kwa afisa wa trafiki aliye zamu kati ya Mau Summit, Londiani na Fort Ternan, ni mwanzo wa saa ngumu.

Katika nchi za baridi kali, polisi wa barabara kuu huwa na msimu mzima wa kujiandaa. Miezi ya theluji inajulikana, magari ya kumwaga chumvi huwekwa tayari, na barabara za milimani hufungwa kwa malango. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa hakuna msimu wa aina hiyo. Dhoruba hujitokeza alasiri moja, hudumu pengine chini ya saa moja, kisha jua huwaka tena. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya polisi hufanyika kabla tone la kwanza halijaanguka, na mafanikio yake hupimwa kwa magari yaliyosimamishwa mapema kuliko kwa majeruhi waliookolewa.

KWA NINI DHORUBA HUPENDA KERICHO

Chanzo cha hali hiyo ni jiografia. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ikweta. Mchana, upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria ukielekea milimani na kukutana na pepo zinazotoka mashariki. Hewa hiyo husukumwa juu kwa kasi, hupoa, na mawingu mazito ya radi hujengeka. Ndiyo maana mvua kubwa na mawe huanguka zaidi alasiri na jioni, wakati ambapo wanafunzi, wachumaji chai na wachuuzi wako barabarani wakirejea nyumbani.

Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ingawa huzidi kuanzia Machi hadi Mei, na hurejea kwa nguvu karibu na Agosti. Usiku na alfajiri huja adui wa pili, ukungu. Huu hujikusanya mabondeni na kwenye misitu ya Mau, na dereva anayetoka mahali palipo wazi anaweza kujikuta haoni hata taa za gari lililo mbele yake.

Adui wa tatu ni utelezi unaobebwa na magurudumu. Barabara nyingi zinazotoka viwanda vya chai ni za changarawe na udongo mwekundu. Majani mabichi hayawezi kusubiri, yanapaswa kufika kiwandani siku iyo hiyo, hivyo malori na matrekta huendelea kufanya kazi hata mvua ikinyesha. Yanapoingia barabara kuu, huacha matope juu ya lami.

MTEREMKO WA FORT TERNAN

Hatari hizo hukutana katika barabara inayotoka Londiani kupitia Fort Ternan hadi Muhoroni. Londiani iko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari ilhali Muhoroni iko karibu mita 1,300. Gari hupoteza kimo cha kilomita moja hivi katika safari fupi yenye kona nyingi, likiyaacha maeneo ya chai na kuingia mashamba ya miwa. Madereva wengi waendao Kisumu na magharibi mwa Kenya huitumia badala ya kupitia mjini Kericho.

Nje ya Kenya, Fort Ternan inafahamika kwa mabaki ya viumbe wa kale wa takriban miaka milioni 14 yaliyofukuliwa na Louis Leakey mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa Wakenya wengi, hata hivyo, jina hilo lilipata maana nyingine mnamo Oktoba 10, 2018. Alfajiri ya siku hiyo, basi lililotoka Nairobi likielekea magharibi mwa nchi lilipoteza mwelekeo kwenye mteremko, likabingiria na kung'oka paa. Zaidi ya watu 50 walifariki.

Lawama ya mkasa huo haikuelekezwa kwa mvua. Maafisa walisema basi hilo halikuwa na kibali cha kuhudumu usiku. Hata hivyo, mkasa wenyewe ulionyesha jinsi barabara hiyo inavyompa dereva nafasi ndogo ya kurekebisha kosa. Ikiwa lami kavu haikusamehe, lami iliyolowa au iliyofunikwa mawe ya barafu haiwezi kusamehe.

MAANDALIZI KABLA YA MAWINGU

Hatua ya kwanza ni habari. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari za mvua kubwa kwa kutaja kaunti na tarehe zinazotarajiwa. Tahadhari hizo huwapa makamanda nafasi ya kupanga zamu, ingawa haziwezi kuonyesha ni kona ipi itakayopigwa na mawe saa kumi jioni. Pengo hilo huzibwa na wenyeji. Afisa aliyekaa Londiani kwa miaka kadhaa husoma mawingu yaliyo juu ya Mau kama mkulima anavyoyasoma, na simu ya mwenzake aliye kituo cha mbele humwambia mengine.

Hatua ya pili ni kuwapeleka maafisa mahali panapojulikana kwa ajali, si kuwatawanya ovyo. Vituo vya ukaguzi hufaa zaidi vikiwekwa juu ya mteremko, kabla gari halijaanza kushuka. Hapo ndipo breki, matairi, taa na vipangusio vya kioo huweza kuchunguzwa kwa manufaa. Lori lenye matairi yaliyokwisha meno halina budi kuzuiwa likiwa bado juu, kwa sababu likifika katikati ya kona hakuna afisa awezaye kulisimamisha.

Hatua ya tatu ni mwendo. Magari ya abiria na malori yanaruhusiwa kasi isiyozidi kilomita 80 kwa saa. Vidhibiti mwendo vililazimishwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Lakini kilomita 80 ni kikomo cha siku njema. Kidhibiti mwendo hakijui kama kuna ukungu. Kazi ya kumpunguza dereva kutoka 80 hadi 40 hubaki kwa afisa, kwa alama za barabarani na kwa dereva mwenyewe.

Polisi hawafanyi hayo peke yao. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) husimamia leseni, vibali vya usiku na ukaguzi wa magari. Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa (KeNHA) hushughulikia mitaro, alama, kingo za kona na uondoaji wa udongo ulioporomoka. Mtaro ulioziba ukiripotiwa mapema, afisa wa trafiki huepushwa na kazi ya kuelekeza magari ndani ya maji usiku.

DHORUBA INAPOANZA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humlazimu dereva kutii ishara na amri za afisa anayeongoza magari. Polisi pia wana uwezo wa kuweka vizuizi barabarani. Kwa hivyo, swali gumu dhoruba inapoanza si la sheria bali la uamuzi. Magari yasimamishwe lini? Afisa anayefunga barabara mapema hulaumiwa na wenye mabasi, wenye malori na abiria. Anayechelewa huenda akahesabu maiti.

Gharama ya kuchelewa ilionekana mbali na Kericho, katika Mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui, mnamo Desemba 4, 2021. Basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia katika barabara iliyofurika. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Maji yalilishinda basi hilo na zaidi ya watu 30 wakafa. Tangu hapo, mkasa huo umekuwa mfano wa kwa nini kizuizi kinapaswa kuwekwa kabla dereva hajapewa nafasi ya kubahatisha.

Afrika Kusini ilipata funzo kama hilo Septemba 2024, theluji ilipofunika barabara kuu ya N3 kati ya Johannesburg na Durban, karibu na Van Reenen. Barabara ilifungwa, lakini magari mengi yalikuwa tayari yamekwama na watu wakalala humo katika baridi kali. Kufunga barabara husaidia tu ikiwa magari yanasimamishwa mahali penye nafasi, chakula na msaada.

Katika njia ya Fort Ternan, mahali hapo ni Londiani kwa wanaoshuka, na Muhoroni kwa wanaopanda. Kwa kuwa mvua ya mawe haidumu, kuyazuia malori na mabasi kwa nusu saa hadi barafu iyeyuke mara nyingi hutosha. Baadaye magari huruhusiwa kushuka kwa makundi, yakiacha nafasi kati yao, huku malori mazito yakitangulia polepole kwa gia ya chini.

AJALI IKISHATOKEA

Mara nyingi wa kwanza kufika penye ajali ni wanakijiji, wachumaji chai na wahudumu wa bodaboda. Polisi wanapofika, jukumu lao la kwanza ni kuzuia ajali ya pili. Katika ukungu, gari linalofuata linaweza kuwavamia waokoaji bila hata kufunga breki. Kwa hivyo, afisa hutumwa nyuma kabisa ya eneo hilo, kabla ya kona, ili kusimamisha magari. Wenyeji huongeza matawi mabichi barabarani, ishara ambayo kila dereva wa masafa marefu nchini huielewa.

Jukumu la pili ni kuuzuia umati. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, karibu na Molo, na watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ulilipuka na kuua zaidi ya watu 100. Tangu mkasa huo, hakuna afisa anayeweza kusema hakujua kwamba lori la mafuta lililoanguka ni hatari kuliko ajali yenyewe.

Kisha hufuata uokoaji, majeruhi wakipelekwa hospitali za karibu kwa ushirikiano na Shirika la Msalaba Mwekundu na idara za afya za kaunti. Jioni ya Juni 30, 2023, trela lililobeba kontena liliacha njia katika makutano ya Londiani, likagonga magari, wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri usafiri. Watu 52 walifariki, na mvua kubwa ikatatiza juhudi za kuwafikia walionaswa. Baada ya mkasa huo, Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi wakati huo, aliagiza masoko yaondolewe kandokando ya barabara kuu. Agizo hilo linagusa maandalizi ya dhoruba moja kwa moja, kwani mvua ikianza wachuuzi na abiria hujibanza pamoja vibandani, hatua chache tu kutoka kwa lami.

Mwisho, magari hukokotwa, vipimo huchukuliwa na maelezo huandikwa. Matope na barafu hufuta alama za matairi haraka, hivyo afisa mpelelezi hana budi kupiga picha na kupima mapema iwezekanavyo.

WAJIBU WA DEREVA

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini polisi husisitiza mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukungu ukimruhusu dereva kuona mita 40 tu, ana chini ya sekunde mbili za kuona, kuamua na kusimama. Mwendo ukipunguzwa nusu, umbali ambao breki huhitaji kulisimamisha gari hupungua hadi robo.

Dereva anayeshuka Fort Ternan anashauriwa kuingiza gia ya chini kabla ya mteremko, si katikati yake, na asiache gari lijiteremkie kwa gia huru. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kukosa kushika. Katika ukungu, taa za chini ndizo hufaa, kwani taa kali humrudia dereva machoni. Mvua ya mawe ikimkuta njiani, aondoke kabisa kwenye lami mahali palipo wazi, mbali na kona na miti, awashe taa za dharura na kusubiri. Gari likiharibika, pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbele na nyuma bila kukawia.

Polisi hupatikana kwa nambari 999, 112 au 911, na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Anayepiga simu ataje kituo, soko au mto ulio karibu na upande ambao magari yaliyohusika yalikuwa yakielekea. Abiria naye ana haki ya kumtaka dereva asimame. Nusu saa ya kusubiri Londiani hadi mawe yayeyuke huchelewesha safari ya Kisumu kwa nusu saa tu.