Sanjari si Sambamba

Mwanafunzi wa kompyuta mjini Kisangani husomeshwa kwa Kifaransa, na Kifaransa humtegea mtego mapema. Anakutana na somo liitwalo programmation concurrente. Neno concurrence analijua tangu utotoni: ni wauza sabuni wawili wa soko kuu wanaonyang'anyana mteja. Mwambie alieleze somo lake kwa Kiswahili, naye atakujibu bila kusita kwamba anajifunza kuandika programu zinazoshindana. Kilatini kilichozaa neno hilo kilisema tu "kukimbia pamoja", na wanaokimbia pamoja wanaweza kuwa wenza au mahasimu. Wanakompyuta walikusudia wenza. Biashara ya Kifaransa ikabaki na mahasimu.

Kwenye Kiswahili sanifu kuna tatizo la namna nyingine. Sambamba tumelizoea tangu hesabu za mistari isiyokutana, na sasa limebebeshwa kila kinachotokea kwa wakati mmoja. Fikra mbili zimevishwa kanzu moja. Kuna kuwa na kazi nyingi ambazo zote zimeanza na hakuna iliyokwisha, na kuna kazi nyingi kutendwa kwa nukta ileile na watendaji mbalimbali. Rob Pike, mmoja wa waasisi wa lugha ya programu iitwayo Go, alitoa mhadhara mzima mwaka 2012 kuzitenganisha hizo mbili, kwa hiyo asiyezitofautisha asijione mjinga.

Watazame waendesha toleka wa Kisangani, zile baiskeli za abiria zilizopewa jina la Kilingala lenye maana ya "tupite". Barabara ikiwa pana, watano hukanyaga bega kwa bega wakipiga soga. Mvua ikinyesha, madimbwi yakabakiza kijia chembamba, hujipanga mmoja nyuma ya mwingine. Safari zao ni zilezile tano, na kila mmoja ana abiria wake na mwisho wake. Kilichobadilika ni barabara. Mwandishi wa programu hupanga safari. Upana wa barabara ni idadi ya viini vya prosesa, na mara nyingi hiyo haimo mikononi mwake.

Ndiyo maana natetea neno sanjari kwa fikra ya kwanza. Maana yake ya zamani ni ya msafara: kufuatana kwa safu moja. Maana iliyoenea magazetini ni "pamoja na". Mtu wa kamusi atalalamika kwamba maana hizo zinavutana. Kwangu mimi mvutano huo ndio faida yenyewe. Kompyuta ya kiini kimoja hushika kazi moja, huiacha katikati, hushika nyingine, upesi mpaka jicho linaamini zote zinakwenda. Zinafuatana, na bado zinasafiri pamoja. Kitenzi cha tendo hilo tunacho siku zote: kazi zinapokezana kiini. Sambamba libaki kwa barabara pana.

Swali ni kwa nini mtu ahangaike na usanjari ikiwa kiini ni kimoja. Jibu linaonekana hapohapo Kisangani, kwenye maporomoko ya Boyoma, kwa wavuvi wa Kiwagenia. Hukita miti mikubwa kwenye mashimo ya miamba, huifunga kwa kamba za msituni, kisha huning'iniza vikapu vikubwa, vipana mdomoni na vyembamba mkiani. Nguvu ya maji humsukuma samaki ndani. Hakuna anayekaa kushikilia kikapu kimoja mpaka kijae; wavuvi hupita kuvikagua. Kungoja wameuachia mto. Programu nyingi za intaneti zina tabia hiyo, kwani muda wao mwingi huliwa na kungoja mtandao au diski. Lugha ya JavaScript kwa kawaida hutumia uzi mmoja tu wa utendaji: hutega ombi, huenda zake, hurudi jibu likinasa. Lugha ya Erlang, iliyoanzia kampuni ya Ericsson mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu, ilichukua njia nyingine: vijichakato vingi sana, kila kimoja na kumbukumbu yake, vikitumiana ujumbe bila kugusana.

Hatari huja vinapogusana. Kutoka ukingo wa kushoto wa Kisangani kuna reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili mizigo iyakwepe maporomoko. Ni ya njia moja. Treni mbili zikiingia kipande kimoja kutoka pande mbili, hakuna haja ya kueleza zaidi. Edsger Dijkstra, Mholanzi, alipotafuta katika miaka ya 1960 namna ya kuzuia programu mbili zisiingie pamoja mahali pasipogawanyika, aliita chombo chake semafo, jina la mlingoti wa ishara za reli.

Bila ishara hiyo, programu mbili husoma salio la faranga 50,000, kila moja hutoa 30,000, na kila moja huandika kwamba zimebaki 20,000. Zimetoka 60,000 na daftari halina habari. Kosa hili Waingereza huliita kwa jina la mbio. Mimi ningeliita kuwahiana, kwa sababu matokeo yanategemea nani amemuwahi nani. Ishara zikizidi nalo ni balaa: huyu kashika kufuli la kwanza anangoja la pili, yule kashika la pili anangoja la kwanza. Huo ni mkwamo, na neno hilo halihitaji mtetezi.

Usambamba una kero yake, isiyo ya ajali bali ya hesabu. Gene Amdahl aliieleza mwaka 1967: ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ukiweka prosesa elfu moja kasi haitafika mara kumi. Wapakiaji wa bandarini wangemwelewa haraka. Boti imefungwa ukingoni, magunia yamerundikwa, tajiri anaita vijana wengine kumi. Ubao wa kupandia ni mmoja. Vijana wanajipanga mbele yake, gunia kichwani, sanjari.