Umefika Wapi? Safari ya Alama Zisizomfikia Mwenyewe

Katika vyuo vya Kurani vya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, mtoto hakuhitaji ripoti. Alikaa juu ya jamvi, ubao wake mapajani, akasoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Akikosea herufi alikatizwa hapo hapo, akatamkiwa, akarudia mpaka ulimi ukanyooka. Somo likishakaa, ubao uliooshwa uliandikwa somo jingine. Akirudi nyumbani bibi alimuuliza, "Umefika wapi, mjukuu wangu?" Naye alikuwa na jibu: nimeingia Amma, nimefika Tabaraka, nakaribia kuhitimu. Alijua alipo na alijua kilichobaki, kabla hata hajanyanyuka jamvini. Kiboko nacho kilikuwapo, na sitaki kirudi. Ninachokitamani ni jibu lile la mtoto.

Shule ya kikoloni ililipokonya swali la bibi jibu lake. Shule za sekondari za Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda zilifanya mtihani wa Cambridge. Majibu yalifungwa katika bahasha, yakavuka bahari hadi Uingereza, yakasahihishwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona mtahiniwa. Matokeo yaliporudi mwaka mwingine umeingia, mwanafunzi keshaondoka shule, pengine keshaanza kazi ya ukarani au yuko shambani kwa baba yake. Karatasi yake yenyewe hakuiona tena. Kama alichanganya mahali katika hesabu ya tatu, au hakulielewa swali la jiografia, hilo lilibaki Cambridge. Yeye aliletewa daraja tu.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alichapisha Elimu ya Kujitegemea, na humo aliugusa mtihani moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani ule unapima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatoa kwa saa aliyopangiwa; haupimi fikra zake, na tabia yake hauioni kabisa. Hatua zikafuata taratibu. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Bunge likatunga Sheria Namba 21 iliyounda Baraza la Mitihani la Tanzania. Halafu, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma.

Azimio la Musoma watu wengi hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, na kwa ule uamuzi kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mimi nalikumbuka kwa sehemu ambayo haitajwi sana. Lilisema wazi kwamba mtihani wa mwisho wa kuandika umekuzwa kupita kiasi, na kwamba maendeleo ya mwanafunzi darasani na kazi zake nyingine shuleni lazima yahesabiwe. Kufikia 1976 agizo lilikuwa limeingia sekondari: nusu ya alama za mwanafunzi zitoke shuleni, nusu zitoke mtihani wa Taifa. Asilimia 50 kwa 50. Kwa nchi iliyokuwa bado na kivuli cha Cambridge kichwani, huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na nauheshimu hadi leo.

Lakini hebu tuifuate alama yenyewe ilivyosafiri. Mwalimu alitoa jaribio, akasahihisha, akaandika alama kwenye daftari lake. Kutoka daftarini ilihamia kwenye fomu ya maendeleo, fomu ikapigwa mhuri na mkuu wa shule, ikapelekwa Baraza. Kule ikakutana na alama za shule nyingine, ambako mkono wa mwalimu mmoja ni mwepesi na wa mwingine ni mzito, ikabidi zilinganishwe. Safari ndefu hiyo, nayo ilikuwa inapanda juu muda wote. Mwanafunzi, ambaye azimio lilitungwa kwa ajili yake, alikuwa chini. Alama iliyozaliwa ili kumwongoza ikageuka kuwa akiba inayowekwa kwa jina lake mahali asipopaona. Nadhani hapo ndipo tulipopotea, na hatukupotea kwa nia mbaya.

Mwanafunzi alibakiziwa ripoti ya kufungia shule.

Zangu zipo kwenye sanduku la mama mpaka leo, zimepauka kwenye mikunjo. Somo, alama, daraja, maoni ya mwalimu. Kidato cha pili, muhula wa kwanza: Historia 48, C, "Ongeza bidii." Hisabati 31, D, "Ongeza bidii." Kiswahili 71, B, "Vizuri, ongeza bidii." Chini kabisa, kwa wino mwekundu: nafasi ya 17 kati ya 44. Mama aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akatia sahihi. "Kumi na saba si haba, mwanangu," akaniambia. Nami nilifurahi, kwa kuwa alifurahi. Ila nikikaa sasa na karatasi ile najiuliza: bidii ipi? Ile 48 ya Historia ilitokana na tarehe nilizosahau, au na insha nisiyojua kuipanga? Ripoti ilinieleza nimewapita wangapi. Nimefika wapi, haikusema.

Mwaka 1988 mtafiti wa Israeli, Ruth Butler, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Kundi moja lilirudishiwa kazi zikiwa na alama tu. La pili lilipewa maelezo tu: umefanya hiki, umekosa kile. La tatu lilipewa vyote viwili. Kundi la maelezo peke yake ndilo lililosonga mbele na kuendelea kuipenda kazi. Kundi la tatu halikufaidika kama mtu angetarajia, kwani mtoto akishaiona namba macho hayashuki tena kwenye maneno. Miaka kumi baadaye, 1998, Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College, London, walizipitia tafiti nyingi za namna hii, wakaona kwamba mwanafunzi anayejulishwa hali yake wakati somo linaendelea, akapewa na nafasi ya kurekebisha, hupiga hatua kubwa kuliko anayengoja mwisho. Mwalimu wa chuo cha Kurani angewasikiliza akaitikia kwa kichwa.

Gharama ya kutomwambia mwanafunzi alipo tuliilipa hadharani Tanzania, Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, watahiniwa takriban 240,000, zaidi ya nusu ya wote, walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, Serikali ikafuta matokeo na kuamuru alama zipangwe upya, na kabla mwaka haujaisha Wizara ikatangaza viwango vipya ambavyo viliyapa maendeleo ya shuleni asilimia 40. Mabishano yalikuwa juu ya viwango: A ianzie wapi, sifuri iishie wapi. Kilichoniuma mimi ni kingine. Vijana wale walikaa darasani miaka minne, wakafanya majaribio, mitihani ya muhula, mtihani wa utamilifu. Ripoti zilikuja nyumbani na sahihi zilitiwa. Halafu maelfu yao wakaja kuambiwa kwa siku moja kwamba hawakuwa wamefika popote.

Kenya imejaribu njia yake. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, umepisha mtaala wa umilisi, na mzazi sasa hukuta kwenye ripoti maneno kama kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio. Ni hatua, maana neno limerudi mahali pa namba. Hata hivyo "kukaribia matarajio" pasipo kutajwa kilichobaki ni ndugu wa "ongeza bidii".

Kwenye elimu ya juu mambo yalipaswa kuwa mepesi zaidi. Katika vyuo vyetu vingi kazi za darasani hubeba 40 na mtihani wa mwisho wa muhula 60, kwa hiyo taarifa ipo, tena mapema. Nilisoma kwenye chuo kimoja ambacho alama hizo zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, nyuma ya kioo, kwa namba za usajili. Asiyefikisha 16 kati ya 40 hakuingia kwenye mtihani. Muhula mmoja orodha ilibandikwa Ijumaa jioni na mtihani ulikuwa Jumatatu. Namkumbuka dada mmoja wa darasa letu akishusha kidole juu ya kioo, namba hadi namba, kikasimama. Kumi na moja. Alishusha tena kuanzia juu, kana kwamba namba itabadilika. Majaribio yote mawili yalifanyika wiki nyingi nyuma na karatasi hazikurudishwa hata moja. Muda wote huo alikuwa akihudhuria, akinakili, akiamini yuko salama. Wengine tulizungumza juu ya sapu, yaani mtihani wa marudio, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Yeye hakusema kitu, alikwenda kukaa ngazini. Siku hizi alama husomwa kwenye simu, na foleni ya kiooni imepungua. Jaribio linalosahihishwa wiki mbili kabla ya mtihani huchelewa vile vile, liwe ukutani au mkononi.

Simlaumu mwalimu kwa wepesi. Tangu ada ilipofutwa Tanzania hadi kidato cha nne, Januari 2016, madarasa yamefurika, na ni heri yamefurika kuliko watoto kubaki nyumbani. Lakini darasa la watoto 90, ukimpa kila daftari dakika mbili tu, ni saa tatu nzima kwa zoezi moja la somo moja. Saa hizo hazimo kwenye ratiba ya shule yoyote. Mwalimu akipiga vema na kosa bila kuandika neno, tujue ana mizigo mingine mingapi.

Hata hivyo nimewahi kukaa nyuma ya darasa la sita, shule ya msingi, mwalimu wa Hisabati akipita kati ya madawati na penseli. Hakukusanya madaftari. Alisimama kwa huyu, akagusa mstari, akauliza, "Hapa ulifikiri nini?" akasogea kwa yule. Siku hiyo hakuwafikia wote, nao walijua watakaofikiwa kesho. Kila mtoto alikuwa ametenga ukurasa wa mwisho wa daftari kwa kazi moja: kujiandikia mwenyewe. Binti niliyeketi karibu naye alinigeuzia wake nikasoma. Sehemu: kujumlisha naweza. Kuzidisha naweza. Kugawanya nasahau kugeuza ya pili. Chini yake, kwa kalamu nyingine na tarehe ya siku nne baadaye, alikuwa ameandika: Sasa nakumbuka.