LUKU: Kiwango Kimoja kwa Mita za Watengenezaji Tofauti

Mita za LUKU (Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo) zinazotumika Shinyanga, Kahama na Geita hutoka kwa watengenezaji tofauti. Hata hivyo, zote hupokea namba 20 zitolewazo na mfumo wa mauzo wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), mteja awe amenunua umeme kwa simu au kwa wakala.

Hilo linawezeshwa na STS, kiwango cha wazi kilichoanzia Afrika Kusini na ambacho sasa ni kiwango cha kimataifa IEC 62055-41. Namba hizo hubeba, kwa njia ya siri, kiasi cha umeme na wakati ziliponunuliwa. Kila mita ina ufunguo wake. Hivyo namba za mita moja hazikubaliki katika nyingine, wala haziingii mara mbili.

Kiwango hicho kilihesabu dakika tangu mwaka 1993, na hesabu hiyo ilifikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Kwa kuwa kanuni ni moja, mita za kila mtengenezaji ziliweza kuhuishwa kwa utaratibu mmoja: mteja alipewa makundi matatu ya namba 20, mawili ya kuhuisha mita na la tatu la umeme alioununua, ayaingize kwa mfuatano huo.

Mita ambayo haijahuishwa haipokei umeme mpya. Mwananchi aliyefunga nyumba au duka kabla ya tarehe hiyo, wakiwemo wachimbaji waliohamia machimbo mengine, anaweza kuomba msaada katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu akiwa na namba ya mita.